Mwalimu Nyerere na Malezi ya Viongozi: Kutoka Kivukoni hadi Singida

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili aiongoze TANU.

Uhuru ulikaribia huku wasomi wazalendo wakiwa wachache mno. Ndipo mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa jijini Dar es Salaam, kuwaandaa watu wazima kushika dhamana za umma. Kwake, uongozi haukuwa haki ya kuzaliwa, bali wajibu unaofunzwa na kuachiwa kwa wakati. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba, 1999.

Leo Kivukoni ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Huko Kibaha, Shule ya Uongozi yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 2022, huwanoa makada wa vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Mkoani Singida, vijana wa Iramba, Ikungi na Manyoni wanalo karibu tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Deni lao kwa Mwalimu ni kuirudisha elimu hiyo kwa wananchi.