Giulio Bizzozero: Tabibu aliyechungua mazazi ya damu

Damu ya mwanadamu huzaliwa wapi? Suali hili liliwashughulisha matabibu karne nyingi. Galen wa zama za Warumi alisema kuwa ini ndilo ligeuzalo chakula kikawa damu. Ibn Sina akaifuata rai hiyo katika Qanun, kitabu kilichosomeshwa hata katika vyuo vya Italia na kupigwa chapa kwa Kiarabu mjini Rome mwaka 1593. Jawabu sahihi lilipatikana mwaka 1868, na mmoja wa wawili waliolipata alikuwa kijana wa Kitaliani wa miaka 22, Giulio Bizzozero.

Bizzozero alizaliwa tarehe 20 Machi 1846 katika mji wa Varese, kaskazini ya Italia. Alisomea utabibu katika chuo kikuu cha Pavia akahitimu mwaka 1866, na haukupita muda akawa yeye ndiye asomeshaye. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Camillo Golgi, aliyemzidi umri kwa miaka mitatu, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906. Elimu haitazami mvi.

Kitu kilichomvuta ni uboho, ule ulaini ulio ndani ya mfupa ambao mlaji huugonga mfupa ili apate kuunyonya. Wengi waliudhani ni mafuta tu ya kujaza uwazi. Bizzozero aliutia chini ya hadubini akaona chembe nyekundu za damu zilizo bado na kiini. Chembe pevu zinazozunguka mwilini mwa mtu hazina kiini; basi hizi zilikuwa changa, na hapo ndipo zilipozaliwa. Mwaka huo huo Ernst Neumann, wa mji wa Königsberg katika nchi ya Prussia, alifikia neno hilo hilo, akatangulia kidogo kulitangaza. Wala wa kale hawakukosea moja kwa moja: mtoto angali tumboni mwa mamaye, ini lake hutengeneza damu kweli.

Mwaka 1873 Bizzozero alihamia chuo kikuu cha Turin, na huko ndiko alikofanya kazi yake kubwa. Alitaka kujua chembe hizo zinaongezeka vipi. Aliziona zikijigawa, moja ikawa mbili, na katika wanyama waliotolewa damu aliona kazi hiyo ikishtadi, kama kwamba uboho umepata habari ya hasara na unaharakisha kuilipa. Mwaka 1879 alitengeneza chombo cha kupimia wekundu wa damu. Mwaka 1882 alieleza habari za visahani vidogo vya damu, alivyoviona katika mishipa ya wanyama walio hai: mshipa ukijeruhiwa, hivyo ndivyo vya kwanza kujikusanya na kuziba.

Katika mkutano wa matabibu wa dunia uliofanyika Rome mwaka 1894, alizigawa nyama za mwili mafungu matatu: zinazozaa chembe mpya maisha yote, kama uboho na ngozi, zinazotulia mtu akishakua, na zisizozaa tena kabisa, kama mishipa ya fahamu.

Faida ya haya ni kubwa kwa mgonjwa. Mtu akipungukiwa damu, yafaa kuuliza: je, kiwanda kimesimama, au kinafanya kazi usiku na mchana lakini bidhaa inaharibika? Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa chembe nyekundu kiasi cha milioni mbili kila sekunde, na kila moja huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao watu wa pwani yetu wanaujua vyema, chembe huishi siku 10 hadi 20 tu, na uboho hujitahidi bila ya kufikia. Wagonjwa hawa wawili, aliyesimama uboho na mwenye selimundu, wote hupungukiwa damu, lakini dawa zao si moja.

Mwaka 1927 Mikhail Arinkin wa Leningrad alianza kuchota uboho wa mtu aliye hai kwa sindano kifuani. Tangu hapo hesabu iliwezekana: katika chembe elfu, ngapi zinajigawa? Vipimo vya miaka ya 1960 vilileta ajabu. Katika saratani kali ya damu, chembe mbaya mara nyingi hazikuwa zikijigawa upesi kuliko za mtu mzima wa afya. Balaa ni kuwa hazipevuki, zikajaza nafasi ya nyingine. Mwaka 1983 wataalamu wa mji wa Kiel, Ujerumani, walieleza alama iitwayo Ki-67, inayoonekana katika chembe zilizo mbioni kujigawa, na mpaka leo inatumika.

Bizzozero hakuyaona hayo. Macho yake yaliugua, na mtu aliyeishi kwa hadubini akalazimika kuiacha. Hakukaa akilia. Alikuwa seneta tangu mwaka 1890, akashika kazi ya afya ya umma, akipigania usafi na kukinga watu na maradhi ya kuambukiza kama kifua kikuu. Alifariki Turin tarehe 8 Aprili 1901 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 55. Leo kila maabara inapochungua uboho wa mgonjwa, kazi huanzia pale alipoanzia yeye: kutazama zilizo changa, na kuhesabu zinazozaliwa.