SHEIKH UWAYS BIN MUHAMMAD WA BARAWA

 Sisi tukaao Nchelenge na mwambao huu wa ziwa Mweru twajua kwamba dini yetu ilitufikia kwa njia ya misafara. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa. Na mwaka ule ule Livingstone alipoingia mji wa Kazembe alimkuta huko Mwislamu, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa na mfalme kwa muda wa miaka mingi. Lakini wafanya biashara hawakuwa waalimu. Katika bara ya Tanganyika na hata Manyema, waliowakusanya watu wanyonge na kuwafundisha zikri na sala walikuwa zaidi masheikh wa tarika, na miongoni mwao hakuna aliyetajwa kwa heshima kuliko Sheikh Uways, ambaye aliuawa kwa mikono ya Waislamu wenziwe.

Alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Barawa, pwani ya Banadiri, ambako wenyeji husema Chimiini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu. Hakuwa sharifu wala mtoto wa tajiri. Alikuwa mtu wa kabila la Tunni, na daraja aliyoipata aliipata kwa elimu. Akiwa kijana alisafiri mpaka Baghdadi, penye kaburi la Sayyid Abdulqadir al-Jilani, akasoma kwa Sayyid Mustafa bin Salman, akapewa ijaza ya tarika ya Qadiriya. Akahiji, kisha akarejea kwao mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Habari zake zikafika Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hata 1888, alimkaribisha, na waliomfuata katika kiti wakamheshimu vile vile, hasa Sayyid Hamid bin Thuwaini. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa masultani hao walikuwa Maibadhi, na Sheikh Uways alikuwa Mshafii na sufi. Tena Barghash huyo huyo alimtia gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kisunni, kwa sababu ya kuhubiri dhidi ya madhehebu ya Sultani. Hakufunguliwa mpaka Barghash alipofariki. Kwa nini mmoja akafungwa na mwingine akapewa heshima? Naona sababu ni mbili. Sheikh Uways hakuja kuyabishia madhehebu ya mwenye nyumba. Alikuja kuketisha halaka za zikri. Na Sultani naye alihitaji rafiki huko Banadiri, pwani aliyoihesabu kuwa yake, nayo imekwisha kutamaniwa na Wazungu. Baraza ya mfalme haipimi itikadi kwa mizani moja kila siku.

Kutoka Unguja makhalifa wake walitawanyika. Tarika ikafika Tabora, na pande za Ujiji na Manyema. (Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa na kufa mwaka 1931 akiwa sheikh mkubwa, naye alikuwa Mqadiri, ila silsila yake ilipita njia nyingine.)

Taabu ilimjia kwao Somalia. Mwaka 1899 Sayyid Muhammad Abdille Hassan aliinua jihadi juu ya Waingereza na Wahabeshi, akajifanyia dola na ngome. Naye pia alikuwa mtu wa tarika, yaani Salihiya, aliyoipokea Makka kwa Sheikh Muhammad Salih. Basi haikuwa vita ya wasiopenda tarika na wenye tarika. Walikuwa masufi kwa masufi. Wasalihiya walikataa tawasuli kwa mawalii waliokwisha kufa, na kuzuru makaburi yao kwa kutaka shufaa. Waliona hiyo ni shirki. Sheikh Uways akajibu kwa kasida za Kiarabu, na ni haki kusema kwamba maneno yake yalikuwa makali, nayo yaliwatoa wapinzani wake katika njia ya haki kama wao walivyomtoa. Lakini yeye alikuwa na kalamu, na wale walikuwa na bunduki. Neno la kumwita Mwislamu kafiri likikaa kinywani mwa mwenye jeshi, damu ya yule aliyeitwa huwa halali.

Katika mwaka wa 1909 Sheikh Muhammad Salih mwenyewe aliandika barua kutoka Makka kumlaumu Sayyid na kujitenga naye, na wengi wakamwacha. Barua hiyo haikumfaa Sheikh Uways. Wakati huo alikuwa Biolay, kijiji alichokianzisha, pamoja na wanafunzi wake. Tarehe 14 Aprili 1909, sawa na mwezi 23 Mfungo Sita 1327, ndani ya mwezi wa Maulidi, Wasalihiya walimvamia wakamwua, na pamoja naye wanafunzi wengi. Inasimuliwa kwamba Sayyid alipopata habari alitunga shairi la furaha.

Sayyid naye aliishi miaka kumi na moja baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 1920 Waingereza walizipiga ngome zake kwa eropleni, na mwisho wa mwaka ule akafa kwa maradhi. Kasida za Sheikh Uways, za Kiarabu na za Chimiini, zilikusanywa na kuhifadhiwa na wanafunzi, miongoni mwao Sheikh Qasim wa Barawa aliyefariki mwaka 1922. Kaburi lake liko Biolay, na watu wa Banadiri wamelizuru vizazi kwa vizazi.