Semboja wa Mazinde: Bunduki zilimpa kiti, hazikumpa usalama

Ukitoka Korogwe kwenda Moshi, ukishapita Mombo unafika Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Karibu miaka 150 iliyopita, hapo ndipo alipokaa Semboja, mtawala aliyeogopwa kuanzia milimani hadi bonde la mto Pangani.

Semboja alikuwa nani?

Alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyetawala kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862. Kiti kilikwenda kwa mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu. Semboja, baba yake mdogo, alibaki Mazinde.

Nguvu zake zilitoka wapi?

Zilitoka njiani. Misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Pangani ilipita kwake. Miaka hiyo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, na bunduki zao za zamani zikawa zinauzwa Zanzibar na pwani. Semboja alizipata. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimfukuza Shekulwavu kutoka Vugha, kisha akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu.

Wabondei nao wakaasi, na ndugu wakapigana kwa miaka mingi. Kila upande ulihitaji bunduki zaidi, na ili kuzinunua, watu wa kawaida walitekwa na kuuzwa utumwani.

Madola makubwa yaliingiaje?

Mwishoni mwa mwaka 1884, Mjerumani Karl Peters alipita Uzigua, nchi ambayo Handeni ya leo ni sehemu yake, akikusanya mikataba kwa wakuu wa huko. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya mji wake Agosti 1885. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani ziligawana eneo, na Usambara ikaangukia upande wa Wajerumani. Semboja hakuulizwa.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Wajerumani, na Pangani ikaongozwa na Abushiri. Mwaka huohuo watu wa Semboja walipora mizigo ya msafara wa Mjerumani Hans Meyer. Lakini Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani, na mwaka 1890 Semboja akafanya amani na Wajerumani.

Mwisho wake ulikuwaje?

Alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Mwaka 1902 reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe, na njia iliyomtajirisha Semboja ikawa mikononi mwa wengine.

Tunajifunza nini?

Wazee husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Bunduki za kigeni zilitosha kumshinda ndugu. Wenye kuzitengeneza walipokuja wenyewe, walikuta nchi imeshachoka na imegawanyika.