Suzanne Lenglen: Malkia Aliyeshangiliwa, Akazomewa

Ukitaka kuwajua mashabiki wa tenisi, usiwaangalie wakati wa kupiga makofi. Waangalie mchezaji anapoomba daktari. Kila mwisho wa mwaka WTA inawakusanya wanawake 8 waliofanya vizuri zaidi kwenye mashindano ya kufunga msimu, na sisi wachache tunaofuatilia tenisi hapa hosteli tunabanana kwenye simu moja. Mchezaji akishika goti tu, hukumu inatoka hapo hapo: anaigiza huyo, ameona anafungwa. Akijitoa ndio balaa kabisa. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza msimu mzima wa kuzunguka dunia umeufanya nini mwili wa yule dada.

Mashabiki wa leo hawakuanza wao. Yupo mwanamke mmoja aliyeyaonja yote haya karibu miaka 100 iliyopita, mapenzi ya watu na matusi yao, na maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa. Jina lake Suzanne Lenglen.

Alizaliwa Paris tarehe 24 Mei 1899. Alikuwa mtoto wa kuugua ugua, mwenye pumu. Mwaka 1910 baba yake, Charles, alimnunulia raketi akiamini mazoezi yangemtia nguvu. Yule mzee hakuwa bingwa wa tenisi, lakini alikuwa na jicho na alikuwa mkali. Alitandika leso uwanjani, binti akatakiwa kuilenga kwa mpira, kisha leso ikahamishiwa pengine. Akikosea anafokewa. Mwaka 1914, akiwa ndio kwanza ametimiza miaka 15, Suzanne alitwaa ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo. Miezi michache baadaye Vita Kuu ikaanza, na mashindano makubwa yakasimama.

Yaliporudi Wimbledon mwaka 1919, alikutana na Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40 aliyekuwa amechukua taji hilo mara 7. Mfalme na malkia wa Uingereza walikuwa jukwaani. Mara mbili Lambert Chambers alibakiza pointi moja tu awe bingwa, na mara mbili Suzanne akachomoka. Akashinda 10-8, 4-6, 9-7.

Watu hawakuzungumzia mpira peke yake. Wakati ule wanawake wengi walicheza wamebanwa kiuno, sketi inaburuza. Huyu binti alitokea na gauni jepesi la mikono mifupi linaloishia chini kidogo ya magoti, akaruka na kunyoosha miguu kama mcheza dansi wa jukwaani. Kati ya seti na seti alikunywa konyaki kidogo. Wapo waliokereka, tena sana. Lakini waliokereka nao walipanga foleni ya tiketi. Mwaka 1922 Wimbledon ilihamia uwanja mkubwa zaidi uliopo mpaka leo, na wengi wanasema umati aliouvuta yeye ulikuwa sababu mojawapo.

Rekodi zake zinatisha. Kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja akiwa amepoteza gemu 4 tu katika mashindano yote. Wimbledon alishinda mara 6: mwaka 1919 hadi 1923 mfululizo, na tena 1925. Mwaka 1924 alijitoa katikati kwa sababu ya ugonjwa wa manjano.

Sasa tufike Marekani, mwaka 1921. Suzanne alivuka Atlantiki kwa meli, akafika New York amechoka, na mapema kabisa katika mashindano akapangiwa Molla Mallory, bingwa wa Marekani. Akapoteza seti ya kwanza 6-2. Alikuwa akikohoa. Mwanzoni tu mwa seti ya pili alimwendea mwamuzi analia, akasema hawezi kuendelea. Jukwaa likamzomea. Watu walikuwa wamelipa kumwona malkia wa Ulaya, wakaona mwanamke anakohoa, wakahisi wameibiwa. Magazeti yakakifanya kile kikohozi mzaha. Alirudi kwao akiitwa mwoga. Mwaka uliofuata walikutana tena kwenye fainali ya Wimbledon, akamfunga Mallory 6-2, 6-0 kwa dakika 26.

Mimi sisemi alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, alidekezwa, na hakupenda kabisa kushindwa. Ila nauliza: mtu mwenye pumu tangu utotoni akikohoa uwanjani, nani kati ya wale maelfu alikuwa na uwezo wa kusema kikohozi ni cha uongo?

Februari 1926, huko Cannes kusini mwa Ufaransa, alipangiwa Helen Wills, Mmarekani wa miaka 20. Jamani, ile mechi! Tiketi zilipanda bei, waliokosa wakapanda juu ya mapaa na kwenye miti. Suzanne alichukua seti ya kwanza 6-3. Kwenye seti ya pili ilipofika pointi ya mwisho, mpira wa Wills ukasikika ukiitwa nje. Wakapeana mikono, watu wakamiminika uwanjani na maua. Kumbe sauti ile ilikuwa ya mtazamaji! Mwamuzi wa mstari akasema yeye hakuita kitu, mpira ulikuwa ndani. Suzanne, aliyeonekana hoi, ilibidi arudi kucheza upya. Akaipoteza gemu ile, akapigana tena mpaka akamaliza 8-6. Wanaosema alikuwa mtu wa kukata tamaa waisome siku hiyo.

Miezi michache baadaye, Wimbledon, ratiba ilichanganywa na Malkia Mary akajikuta anamsubiri Suzanne asiyetokea kwa wakati. Waingereza wale wale waliomwabudu miaka 7 wakamgeuka. Aliporudi uwanjani kucheza mchanganyiko alipokelewa kwa uadui, akajitoa kwenye mashindano. Hakucheza Wimbledon tena.

Hapo akafanya uamuzi ambao mpaka leo ndio unanifanya nimheshimu. Enzi hizo tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa. Vilabu viliuza tiketi, magazeti yaliuza nakala, hoteli zilijaa, na mchezaji aliyewavuta wote hao hakutakiwa kupokea zawadi ya fedha. Ukiwa huna mali, utacheza na nini? Suzanne alilalamika wazi kwamba jasho lake lilikuwa limetajirisha wengine. Mwaka 1926 akasaini na promota wa Kimarekani, C. C. Pyle, kwa malipo yaliyotajwa kuwa dola 50,000. Oktoba mwaka huo walifungua ziara New York mbele ya watu wapatao 13,000. Mpinzani wake, Mary Browne, alifungwa mechi zote 38. Wakubwa wa Wimbledon wakamwondolea uanachama wa heshima wa klabu yao. Waliokuwa wakikusanya viingilio kwa jina lake ndio waliomwona yeye ana tamaa.

Ziara ilikwisha mapema mwaka 1927. Baadaye alifungua shule ya tenisi Paris, akafundisha watoto. Alifariki tarehe 4 Julai 1938 kwa ugonjwa wa upungufu wa damu, akiwa na miaka 39. Siku mbili kabla, Helen Wills alikuwa amechukua Wimbledon yake ya 8.

Leo bingwa wa wanawake wa Roland Garros anainua kombe lenye jina la Suzanne, na uwanja wa pili kwa ukubwa pale unaitwa kwa jina lake. Mashindano ya kufunga msimu ya wanawake yalianza mwaka 1972 huko Florida, na Novemba 2024, Riyadh, Coco Gauff alishinda akaondoka na dola milioni 4.8. Hakuna aliyemfukuza klabu kwa kupokea. Hilo deni la Suzanne limelipwa, ingawa halikulipwa kwake.

La mashabiki ndilo bado. Hata hapa kampasi, kwenye netiboli ya vitivo, dada akitoka anachechemea utasikia jukwaa zima limejaa madaktari ambao hawajasoma udaktari. Mimi nami ni shabiki, napiga kelele kama wengine, na haki ya kusikitika mechi ikikatika ninayo. Bando langu limeisha, usingizi nimeukosa. Lakini tiketi inanipa kiti cha kutazamia. Goti ni lake, na kifua kinachokohoa ni chake. Fainali zijazo, mchezaji akiinua mkono kwamba hawezi, kabla hujasema anaigiza mkumbuke yule aliyezomewa kwa kukohoa akiwa na miaka 22, na hakufikisha 40.