KINTARO HATTORI: BABA WA SAA ZA SEIKO

Mpenzi msomaji, hebu tazama mkononi mwa mwalimu wa zamu pale gwarideni. Yumkini utaona saa iliyoandikwa SEIKO. Wengi wetu tunalijua jina hilo, lakini ni wangapi wanaomjua mzee aliyelianzisha? Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Maisha ya bwana huyu ni ushahidi tosha.

Kintaro Hattori alizaliwa mwaka wa 1860 katika mtaa wa Kyobashi, jijini Tokyo, Japani. Wakati huo jiji lenyewe liliitwa Edo. Babake hakuwa tajiri. Alikuwa mchuuzi wa vitu vikuukuu. Alipotimu umri wa miaka 11, Kintaro aliajiriwa katika duka la bidhaa mbalimbali, akawa wa kutumwa huku na kule.

Karibu na duka hilo palikuwa na duka la saa. Kijana huyu hakuwa na macho ya kutazamia tu, bali ya kuonea. Siku za mvua aliona kwamba dukani mwao wateja walikosekana, na watu wakakaa wakipiga miayo. Kule kwa fundi wa saa, ati, mvua haikusimamisha kazi! Wateja wasipokuja, fundi aliinamia meza yake akarekebisha saa zilizoachwa. Kintaro akang'amua kuwa mtu mwenye ufundi hana siku ya bure. Basi akaacha kazi ile, akawa mwanagenzi wa mafundi wa saa.

Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Zamani Wajapani waligawanya mchana mafungu sita na usiku mafungu sita. Hesabu yao ilifuata jua, kama sisi Waswahili tunavyohesabu saa moja baada ya jua kuchomoza. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu hutoshana na usiku mwaka mzima. Kule kwao mchana wa kiangazi ni mrefu na wa kipupwe ni mfupi, kwa hivyo mafungu hayo yalirefuka na kufupika kila majira. Tarehe 1 Januari 1873 serikali iliacha mtindo huo na kufuata kalenda na saa 24 za nchi za Magharibi. Saa za kale zikawa hazina kazi tena, na watu wakahitaji mpya.

Mwaka wa 1881, akiwa na miaka 21 hivi, Kintaro alifungua duka lake la kuuza na kutengeneza saa. Kumbe safari ndiyo kwanza yaanza! Mwaka wa 1883 moto ulizuka mtaani na duka likateketea. Hakukaa chini kulia. Alianza upya, na baadaye akahamia Ginza, mtaa maarufu wa biashara.

Siku hizo saa nzuri ziliagizwa kutoka ng'ambo kupitia kwa wafanyabiashara wa kigeni katika bandari ya Yokohama. Wanunuzi wengi walichelewa kulipa, lakini Kintaro hakupitisha siku ya ahadi. Si unajua dawa ya deni ni kulipa? Wageni wale wakamwamini, wakawa wanampa saa mpya kabla ya wengine, tena kwa mkopo. Uaminifu ukawa ndio mtaji wake.

Hata hivyo, kuuza saa za wenzake hakukumtosha. Mwaka wa 1892 alianzisha kiwanda cha saa za ukutani akishirikiana na fundi stadi, Tsuruhiko Yoshikawa. Kiwanda kiliitwa Seikosha, jina lenye maana ya nyumba ya ufundi wa hali ya juu. Mwaka wa 1895 kilitoa saa yake ya kwanza ya mfukoni, na mwaka wa 1913 kikatoa Laurel, saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa Japani. Wakati huo watu wengi bado walibeba saa mfukoni, lakini Kintaro alipenda kuwa hatua moja mbele ya wenzake.

Ndipo ikaja siku ya majonzi. Tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko kubwa la ardhi lilikumba Tokyo na moto ukafuata. Kiwanda kikaungua. Ofisi zikaungua. Pamoja nazo ziliteketea saa zipatazo 1,500 ambazo wateja walikuwa wameleta kutengenezewa.

Sasa fikiria, mwanafunzi mwenzangu. Mzee wa miaka 62, jasho la maisha yake yote limegeuka majivu. Nani angemlaumu kama angesema hiyo ni kazi ya Mungu, kila mtu avumilie hasara yake? Lakini Kintaro alitangaza magazetini kwamba kila aliyeacha saa yake aje. Waliokuja hawakupewa pole tu, walipewa saa mpya zenye thamani kama zile zilizoungua. Alilipa hasara ambayo hakuisababisha, tena wakati alipokuwa hana kitu.

Mwaka uliofuata, 1924, kiwanda kilikuwa kimeinuka tena, na saa za kwanza zenye jina la Seiko zikatoka. Mwaka wa 1930 alianzisha wakfu wa kusaidia utafiti wa sayansi. Mwaka wa 1932 jengo lake jipya lenye mnara wa saa lilikamilika pale Ginza. Liliponea mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na mpaka leo lingali limesimama. Kintaro Hattori aliaga dunia tarehe 1 Machi 1934, akiwa na umri wa miaka 73.

Mti wake uliendelea kuzaa matunda. Saa za Seiko ndizo zilizopima muda katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni hiyo ilitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza duniani kuuzwa ikitumia jiwe la kwatsi na betri badala ya kutegemea kamani. Iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari zima! Lakini haikukosea zaidi ya sekunde tano kwa mwezi.

Wenzangu, tunajifunza nini? Ukiazima kitabu cha mwenzako kikanyeshewa mvua, usianze kusema ni bahati mbaya. Na siku ya mvua isiwe kisingizio cha kulala bwenini, kwani ndiyo iliyomfungua macho kijana wa Kyobashi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa naitua kalamu yangu, maana kengele ya masomo ya jioni inalia, nami sitaki kuchelewa.