Padri Mendel na njegere zake

Mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, alizaliwa mtoto mwanamume, akabatizwa jina la Johann. Siku hizi kijiji hicho ni cha nchi ya Ucheki. Zamani zile kilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Baba yake, Anton Mendel, alikuwa mkulima. Shamba alikuwa nalo, lakini siku tatu za kila juma ilimpasa kumfanyia bwana wa nchi kazi bila mshahara. Siku zilizobaki alilima lake na kuitunza miti yake ya matunda, na mtoto akamsaidia.

Mwalimu wa kijiji aliona kwamba Johann ana akili, akawashauri wazazi wampeleke shule kubwa. Wakampeleka. Lakini fedha ilikuwa haba, na chakula cha shuleni walimlipia nusu tu. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba kifuani, akiwa katika kazi ya bwana wa nchi. Tangu siku hiyo hakuwa na nguvu tena. Johann alikuwa na miaka 16. Akaanza kuwafundisha watoto wengine ili apate riziki, na kwa taabu ile akaugua.

Hapo dada yake mdogo, Theresia, alimwokoa. Katika nchi ile msichana ndiye aliyepeleka mali kwa mume siku ya arusi, si mume aliyetoa mahari. Theresia alikata sehemu ya mali yake akampa kaka yake alipie masomo. Kaka hakusahau: miaka mingi baadaye aliwasomesha wana watatu wa Theresia.

Mwaka 1843 Johann aliingia katika monasteri ya Watawa wa Mtakatifu Agustino katika mji wa Brno. Huko akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Kwanza alitumwa kuwatembelea wagonjwa, lakini kila alipoona maumivu yao alihuzunika mno hata akaugua mwenyewe. Abate wake akamtoa, akampeleka kufundisha shule. Wanafunzi walimpenda sana. Hata hivyo mara mbili alifanya mtihani wa kupata cheti cha mwalimu, na mara mbili alikikosa. Katikati ya mitihani hiyo miwili alisoma katika chuo kikuu cha Vienna, na huko alijifunza hesabu na elimu ya viumbe.

Sasa tuje bustanini. Nyuma ya monasteri palikuwa na kipande cha udongo, urefu wake kama hatua 35 na upana wake kama hatua 7. Hapo Padri Mendel alipanda njegere. Kwa muda wa miaka 8, tangu 1856, alilima na kuchunguza mashina karibu 28,000. Watu wengine waliona mboga tu. Yeye alikuwa akitafuta jibu la swali ambalo kila mtu hujiuliza anapomwona mtoto mwenye pua ya babu yake, na baba hana pua hiyo: urithi hupitia njia gani?

Njegere zinafaa sana kwa swali hilo. Ziko zenye mbegu laini za mviringo, na ziko zenye mbegu zilizokunjamana. Tena ua la njegere hujitia unga wake lenyewe, halihitaji nyuki. Kwa hiyo Mendel alilifungua ua lingali changa, akaondoa kwa kikoleo vijiti vyenye unga, akalipaka unga wa ua la shina jingine, kisha akalifunika kwa kifuko kidogo ili mdudu asiingie. Kazi hiyo aliifanya ua kwa ua.

Alipooanisha njegere za mviringo na zile zilizokunjamana, watoto wote walikuwa wa mviringo. Ile alama ya kukunjamana ilikuwa kama imekufa. Mtu mwingine angeishia hapo. Mendel akazipanda tena mbegu hizo, akaziacha zijizalishe zenyewe. Zikaja mbegu 7,324. Akazihesabu zote: za mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850. Alama iliyopotea imerudi! Tena imerudi kwa kipimo: moja iliyokunjamana kwa kila tatu za mviringo. Akajaribu rangi ya manjano na ya kijani, akapata 6,022 na 2,001. Kipimo ni kile kile.

Mendel akaelewa. Kila shina lina sehemu mbili za urithi kwa kila alama, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama, nalo humpa kila mtoto moja tu, kwa bahati. Chukua vipande viwili vya fedha, uvirushe juu mara nyingi. Vyote viwili vitaanguka upande wa picha kama mara moja katika kila nne. Ndivyo ilivyo kwa mbegu iliyokunjamana: huonekana tu zinapokutana sehemu mbili za kukunjamana. Ikiwepo moja tu, hujificha, haipotei.

Wakati ule ule watu wa elimu walikuwa katika ubishi mkubwa. Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake, akieleza kwamba wanyama na mimea wamebadilika polepole kwa vizazi vingi mno. Ushahidi alikuwa nao mwingi. Katika Amerika ya Kusini alichimba mifupa iliyogeuka mawe, ya wanyama waliokwisha kutoweka, nayo ilifanana na mifupa ya wanyama wanaoishi huko hata leo. Aliona ndege wa visiwani wanaofanana na ndege wa bara iliyo karibu. Alifuga njiwa, akaona jinsi watu walivyowageuza namna nyingi kwa kuchagua wazazi. Alisema kwamba kiumbe chenye alama ya kukifaa huzaa zaidi, na watoto huirithi alama hiyo. Lakini watu wengi walidhani kwamba urithi wa baba na wa mama huchanganyika kama maziwa na maji. Kama ni hivyo, alama mpya ingepungua nusu katika kila kizazi mpaka ikatoweka. Wapinzani wake walimbana hapo, naye hakuwa na jibu la kutosha.

Jibu lilikuwa Brno. Mendel alikisoma kitabu cha Darwin kwa Kijerumani, akakitia alama kwa kalamu. Mwaka 1865 yeye mwenyewe alisoma kazi yake mbele ya chama cha wataalamu wa mji, mara mbili, na mwaka uliofuata ikapigwa chapa. Hakuna aliyeona uzito wake. Darwin alikufa mwaka 1882 bila kuisoma. Profesa mmoja wa Munich alimwandikia Mendel, naye Mendel akajaribu ua ambalo profesa huyo alilichunguza. Lilikuwa chaguo baya: mbegu za ua lile mara nyingi hutokea bila unga wa baba, basi hesabu zikakataa.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na kazi za monasteri zikamla wakati wote. Aligombana na serikali kwa miaka mingi juu ya kodi. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mji ulimzika kama abate mwema. Habari za njegere hazikutajwa sana.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, wa Uholanzi, Ujerumani na Austria, kila mmoja peke yake, walifikia jibu lile lile. Walipotafuta vitabu vya zamani wakakuta kwamba padri wa Brno amewatangulia kwa miaka 34. Baadaye wataalamu wengine waliunganisha hesabu za Mendel na ushahidi wa Darwin, ikaonekana kwamba alama mpya haimezwi, hupita nzima kutoka kizazi hadi kizazi. Na mwaka 1990, huko Uingereza, ile sehemu ya urithi inayokunja njegere ilipatikana. Kipande kisicho chake kimeingia katikati yake na kuiharibu. Kwa hiyo mbegu hiyo haitengenezi wanga wa kutosha; hubaki na sukari nyingi na maji mengi, na inapokauka hunywea.