Jeevanjee na Viwanja vya Nairobi

Kijana aniulizaye jinsi ya kuanza biashara ya majumba, humtajia Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, mwaka 1856. Hakuanza na viwanja. Alianza na kandarasi za Reli ya Uganda, akileta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwauzia wajenzi mahitaji. Faida akaitia katika ardhi na majengo ya Nairobi, mji ulipokuwa ungali mchanga, hata soko akalijenga. Lakini mimi namstahi zaidi kwa kiwanja asichokipangisha: bustani aliyoutunukia umma mwaka 1906, katikati ya mji, penye bei! Alifariki mwaka 1936. Mwaka 1991 ulipozuka mpango wa kuijengea, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, ikanusurika.